Muulize Mjomba: Pale palipotulia ndipo pa kuogopa

Likizo ikikaribia, barua zote hugeukia ufuoni: nani aogelee wapi, jukwaa liwekwe wapi, mtoto akiumwa na mdudu wa baharini apakwe nini. Nimechagua sita. Walioniuliza habari za kukodi spika wanisamehe. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya mnara wa waokoaji na filimbi shingoni, na spika nilizijua kwa ubaya wake tu, kama mtakavyoona huko mbele.

*Shikamoo Mjomba. Tulikwenda ufuoni familia nzima. Kushoto na kulia kulikuwa na mawimbi yanavunjika kwa kishindo, lakini katikati palikuwa na sehemu imetulia kabisa, maji yake rangi imekoza. Nikawaambia watoto waogelee hapo. Mara mwokoaji akaja mbio anapiga filimbi kama kaona wezi, akawatoa watoto na kuwapeleka kwenye mawimbi! Nilikasirika nikawafungasha tukarudi nyumbani. Hebu niambie, akili gani hiyo ya kumtoa mtoto kwenye maji shwari ukamtia kwenye mawimbi? (Mama Watatu)*

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa siku kuharibika, lakini kijana yule kakufanyia hisani kubwa, na ukimwona tena umsalimie.

Wimbi likivunjika linasukuma maji kuja mchangani. Likija jingine linasukuma mengine. Hayo maji hayawezi kurundikana pale milele. Lazima yarudi yalikotoka, na yakirudi hutafuta njia nyepesi. Njia nyepesi ni mfereji uliochimbika kati ya mafungu mawili ya mchanga, au pembeni mwa mwamba, au kando ya nguzo za gati. Yakishaupata, yanamiminika humo kwa pamoja kuelekea nje. Sasa, kwa kuwa mfereji una kina kuliko mafungu yaliyo pembeni, wimbi likipita juu yake halivunjiki. Ndiyo maana ukiwa mchangani unaona pametulia, na rangi imekoza kwa sababu ya kina. Ulichokiona wewe kama bwawa la watoto ndicho kinywa cha mkondo.

Mikondo mingi ya namna hiyo haina kasi ya kutisha, kama nusu mita kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Ila imewahi kupimwa inayokaribia mita mbili na nusu kwa sekunde. Bingwa wa Olimpiki wa mita 50 huenda karibu na kasi hiyo, tena kwa muda usiofika nusu dakika, kisha anashika ukuta na kuhema. Mwanao wa miaka tisa atashindana nao vipi?

Jambo moja watu wengi wamelishika vibaya. Mkondo huu hauvuti mtu chini, unamvuta nje. Anayekufa maji mara nyingi hufa kwa uchovu, kwa sababu anaona ufuo unarudi nyuma, anapagawa, anaogelea kuuelekea moja kwa moja mpaka mikono inagoma. Mkondo ukikupata, geuka chali uelee, vuta pumzi, inua mkono mmoja juu uonekane. Baadhi ya mikondo huzunguka yenyewe na kukurudisha juu ya fungu la mchanga, mingine hufa nguvu ukishapita mawimbi yanapovunjika. Kama una nguvu na unajua kuogelea, nenda sambamba na ufuo, kuelekea kule kwenye mapovu meupe, kisha uje na mawimbi. Umeona? Yale mawimbi uliyoyakasirikia yanamleta mtu nchi kavu. Pale shwari panampeleka.

Safari nyingine mkifika, kabla hamjatandika mkeka, simama mahali palipoinuka utazame maji kwa dakika kumi hivi. Tafuta pengo kwenye mstari wa mawimbi. Tafuta povu, majani na takataka zinazotoka nje wakati kila kitu kingine kinaingia ndani. Tafuta maji yenye rangi ya mchanga yaliyochomoza kwenda mbali. Miwani ya kukata mng'ao wa jua husaidia sana hapo. Na usidhani ukipajua leo umepajua. Mafungu ya mchanga huhama, na mfereji wa mwezi uliopita huenda sasa uko mbele ya kile kibanda mnachopenda kukaa.

Wanaofanya kazi hii kote duniani wanaikumbuka tarehe 6 Februari 1938, ufuo wa Bondi, jijini Sydney. Mawimbi makubwa yalipiga mfululizo, watu waliokuwa wamesimama juu ya fungu la mchanga wakazolewa kwa pamoja, takriban 250 wakahitaji kuvutwa. Walikufa watano. Wangekuwa wengi mno kama waokoaji wa kujitolea hawangekuwa wamejaa ufuoni siku hiyo kwa mashindano yao. Waaustralia huiita Jumapili Nyeusi.

*Mjomba, tulikuta bendera ya zambarau ufuoni. Hatukujua maana yake, tukaingia. Kaka yangu akaumwa na konyeza mguuni, na wenzake wakamkojolea wakisema ndiyo dawa. Maumivu hayakupungua, aibu ikaongezeka. Walikuwa sahihi? (Dada Mtu)*

Hawakuwa sahihi, na huyo kaka yako ana haki ya kuwadai.

Mkia wa konyeza umejaa vifuko vidogo vya sumu, na vingi vinabaki kwenye ngozi havijapasuka. Mkojo, maji baridi ya bomba na kusugua kwa mchanga vyote vinaweza kuvipasua. Suuza kwa maji ya bahari yenyewe. Toa nyuzi zilizobaki kwa kibano au ukingo wa kadi, si kwa vidole vitupu. Kisha tia mguu kwenye maji ya moto ambayo umeyajaribu kwanza kwa mkono wako, yasizidi nyuzi joto 45 za Selsiasi, kwa dakika 20 au zaidi. Joto ndilo linalotuliza. Siki inafaa kwa aina fulani, hasa wale wa umbo la sanduku wenye sumu kali wa bahari za joto, lakini kwa wengine haisaidii, kwa hiyo waulize waokoaji wa pale. Akianza kuhema kwa shida, kutapika au kuvimba uso, hayo si ya ufuoni tena. Ni hospitali mbio.

Bendera ya zambarau ndiyo hasa ilikuwa inasema hivyo: kuna viumbe wenye sumu majini. Nyingine ni hizi. Iliyogawanyika nyekundu juu na manjano chini ina maana eneo linalindwa, ogelea kati ya mbili hizo. Nyekundu moja, hatari kubwa. Nyekundu mbili, maji yamefungwa. Ya miraba myeusi na myeupe ni eneo la mbao za mawimbi na vyombo, si la waogaji. Mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa ukipeperuka, upepo unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, basi acheni kabisa maboya ya kupuliza na vile vitanda vya plastiki. Mtoto akilala juu ya kitanda kile, upepo unamchukua taratibu, naye anafurahia, mpaka anageuka na kuona watu wamekuwa wadogo.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni katibu wa kikundi cha mtaa wetu. Tunaandaa siku ya jamii ufuoni: mpira wa mchangani, michezo ya watoto, kuogelea, kisha muziki jioni hadi saa nne usiku. Tumeshakwenda kupima. Ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, mwezi ulikuwa nusu, na ufuo ulikuwa mpana hatua sitini kutoka majani hadi majini. Tukachomeka vigingi vya jukwaa na mahema katikati. Sherehe ni wiki tatu baada ya siku ile, saa ileile. Tumechagua usiku wa mwezi mpevu ili tupunguze gharama za taa. Je, kuna tulichosahau? (Katibu)*

Marahaba, Katibu. Mmesahau bahari.

Usichukie, nitaeleza. Maji hujaa na kupwa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Zidisha kwa siku saba: yamechelewa karibu saa sita. Maana yake, katika fuo nyingi za dunia zenye kujaa mara mbili kwa siku, wiki moja baadaye saa ileile hali imepinduka. Yaliyokuwa yamekupwa yamejaa. Wiki mbili, yanarudi karibu yalivyokuwa. Wiki tatu, yamepinduka tena. Nyinyi mmepima saa tisa maji yakiwa yamekupwa, ndiyo maana mkapata hatua sitini za mchanga, mkapanga sherehe wiki tatu mbele saa tisa. Mmejipangia kukutana nayo yamejaa.

Halafu kuna habari ya mwezi. Siku mliyopima mwezi ulikuwa nusu, yaani maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku ya sherehe ni mpevu, yaani bamvua. Jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja na maji yanakuja juu kuliko kawaida, tena kilele chake mara nyingi ni siku moja au mbili baada ya mwezi kujaa. Mmeokoa pesa ya taa, mkaalika maji.

Na msidhani yatakuja kwa adabu, kidogo kidogo, mpate muda wa kuhamisha spika. Wavuvi na mabaharia wana hesabu yao ya kukadiria. Gawa kimo chote cha kupanda sehemu kumi na mbili. Saa ya kwanza maji yanapanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Nusu ya kupanda kote iko kwenye saa mbili za katikati. Tuseme kati ya kupwa na kujaa kwenu kuna mita 3. Katika saa ya tatu peke yake maji yanapanda sentimita 75. Kama ufuo wenu una mteremko mdogo, unashuka mita moja kwa kila mita 40, hizo sentimita 75 ni mita 30 za kusogea mchangani. Kwa saa moja! Mtu anatoka kununua soda, akirudi anakuta kiti chake kinaelea.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tafuteni jedwali la maji la bandari iliyo karibu nanyi, msome saa na kimo cha siku yenyewe. Kisha nendeni mchangani mkatafute mstari wa mwani na takataka. Mtakuta mmoja bado mbichi, huo ni wa maji ya jana au leo. Juu yake, karibu na majani, kuna mwingine umekauka na kupauka, una vijiti na vifuniko vya chupa. Huo ndio wa bamvua. Jukwaa, jenereta na kila kitu chenye waya kiwe juu ya huo uliopauka, na muache nafasi zaidi, kwa sababu upepo wa baharini na mawimbi makubwa hayamo kwenye jedwali. Kama juu yake hapatoshi, sogezeni tarehe mpaka wiki ya mwezi nusu, na taa mkodi.

Mtasema mbona Copacabana, Rio de Janeiro, wanafanya tamasha mchangani kila uchao. Mwezi Mei 2024 Madonna aliimba pale bure na ikakadiriwa kwamba walikuwapo watu milioni 1.6. Kweli. Lakini ufuo ule ulipanuliwa kwa kumwagiwa mchanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wanaoandaa mambo yale wana wahandisi. Nyinyi mna vigingi.

Mpira: kiwanja cha soka la ufuoni kwa kanuni za FIFA ni mita 35 hadi 37 kwa 26 hadi 28, wanacheza watano kila upande, miguu mitupu, vipindi vitatu vya dakika 12. Mpira wa wavu wa ufuoni unahitaji uwanja wa mita 16 kwa 8 tu, na nafasi ya kukimbilia pembeni. Mistari wekeni kwa mikanda ya kitambaa laini, si kamba ya nailoni inayokata vidole. Asubuhi yake watu wapite na reki mstari kwa mstari wakitoa vigae, misumari na magamba ya chaza. Mechi zipangeni maji yakiwa yanapwa, maana mchanga mgumu wenye unyevu mnaoupata ukingoni unafaa kwa mbio za watoto na kuvuta kamba, na ule mkavu wa juu unabaki kwa mpira.

Sasa spika. Siku ya sherehe mwokoaji hana silaha tatu alizozizoea. Haoni, kwa sababu mmetundika turubai na mabango kati ya mnara wake na maji. Hasikiki, kwa sababu filimbi haishindani na muziki. Hafiki, kwa sababu njia imejaa mahema. Hayo matatu yanarekebishika bila gharama. Kabla ya kufunga turubai, mmoja wenu apande mnarani aangalie kama bado anaona maji kushoto hadi kulia, kinachomziba, kihamishwe. Mpeni mtu wa mitambo kazi moja ya nyongeza: mwokoaji akinyoosha mikono yote miwili juu, muziki unakatwa papo hapo, hata kama mgeni rasmi yuko katikati ya hotuba. Na muache uchochoro wa mita nne kutoka barabarani hadi majini, usiwekwe kiti, usiegeshwe pikipiki. Nilishawahi kumbeba mtu kupita katikati ya watu wanaocheza muziki, wanatupisha huku wanacheka wakidhani na sisi tunacheza. Sitaki mwingine ayaone hayo.

Kuogelea mkufunge jua likizama. Mtangazaji aseme, na aseme tena. Waliolewa wasiingie majini, na kwenye hilo msione haya. Radi ikisikika hata kwa mbali, kila mtu atoke majini na mchangani aingie kwenye jengo au gari lenye paa, msubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hema si kimbilio. Ni nguzo za chuma mahali tambarare.

Jingine dogo. Kabla hamjachomeka vigingi upya, ulizeni kama kasa hutaga ufuoni hapo. Mayai yao hukaa chini ya mchanga takriban miezi miwili, na kigingi cha hema hakichagui pa kupita. Kama wapo, taa zenu zielekee nchi kavu, kwa sababu vitoto vikianguliwa usiku hufuata mwanga vikidhani ni bahari.

*Mwanangu Mjomba, wajukuu zangu wanapenda kuchimba mashimo mchangani, wanaingia ndani mpaka wanabaki vichwa. Mama yao ananiambia nisiwasumbue, ni mchezo. Mimi moyo unakataa. (Bibi)*

Shikamoo Bibi. Moyo wako umeona sawa.

Mchanga wenye unyevu husimama wima vizuri mpaka ukauke au mtu akanyage ukingo, kisha unaporomoka wote mara moja na shimo halionekani tena lilikuwa wapi. Madaktari wa Marekani waliandika mwaka 2007 katika New England Journal of Medicine juu ya visa 52 vya watoto na vijana waliofukiwa na mchanga namna hiyo. 31 kati yao walikufa. Kuchimbua ni kugumu kwa sababu kila unachotoa kinajazwa na cha pembeni, na wanaokuja kusaidia huukanyaga mchanga wa juu ukazidi kumbana aliye chini.

Wachimbe, ila shimo lisizidi magoti ya mtoto mfupi kuliko wote. Wasichimbe pango la kupita chini kwa chini kabisa. Wakiondoka walifukie, maana usiku mtu atavunjika mguu humo. Mama yao mwambie ni mimi niliyesema, ugomvi uje kwangu.

*Ndugu Mjomba, mimi ni mtu mzima mwenzako, nimezaliwa na kukulia baharini. Naona safu yako inatia watu hofu bure. Mtu akizama hupiga kelele, hupunga mikono, na sisi tulio karibu tunamfuata tunamtoa. Ufuo ukiwa na watu wengi kama siku za sherehe hakuna wa kuzama bila kuonekana. Waache watu wafurahi. (Mzee wa Ngalawa)*

Ndugu yangu, kuhusu kufurahi tuko pamoja. Kuhusu kelele, hapana, na hapa sitalainisha.

Anayepiga kelele na kupunga mikono yuko taabani, lakini bado ana pumzi. Anayezama kweli hana. Frank Pia, aliyekuwa mwokoaji Orchard Beach, New York, aliwarekodi kwa kamera watu wakizama na kuokolewa, akauchunguza mwendo wao. Alichokiona ndicho tunachofundishwa wote sasa: mdomo unaibuka juu ya maji kwa muda mfupi usiotosha hata kuita, mikono inatandazwa pembeni ikikandamiza maji bila hiari ya mwenyewe, mwili unasimama wima, miguu haipigi. Hawezi kupunga. Hawezi hata kulishika boya likiwa mbali kidogo. Toka hapo mpaka azame ni kati ya sekunde 20 na 60. Nimeona watu wamesimama kiunoni wakipiga picha, na mwenzao yuko hatua tatu nyuma yao anaondoka, nao hawana habari.

Wingi wa watu ndio unaoficha. Kila mzazi anadhani mwingine anatazama, na kichwa kimoja kikikosekana kati ya mia mbili, nani atahesabu? Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 walikufa maji watu wapatao 300,000, robo yao wakiwa watoto wasiofika miaka mitano. Siku za sherehe shikeni zamu: mtu mzima mmoja, dakika 20, hana simu, hana mazungumzo, anatazama watoto fulani aliotajiwa. Akichoka anamkabidhi mwingine kwa kauli, si kwa kuondoka tu. Ukimwona mtu kalaza kichwa nyuma, macho yameganda, nywele zimemfunika usoni naye hazitoi, muulize "uko sawa?" Asipojibu, una nusu dakika.

Na hilo la "tunamfuata tunamtoa" nalo lina makaburi yake. Anayezama hupanda juu ya chochote, na wewe ukiwa ndicho kilicho karibu atakupanda. Tupa kwanza. Dumu tupu la lita ishirini lililofungwa kifuniko vizuri, likiwa na kamba kwenye mpini, linamwelesha mtu mzima bila wasiwasi. Kila ngalawa inalo, na kila sherehe inaweza kupata manne. Mkifanikiwa kumtoa naye hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkanda tumbo ili maji yatoke. Huyu kakosa hewa, mpeni hewa: anzeni na pumzi za mdomo kwa mdomo, kisha kifua mikandamizo 30, pumzi 2, bila kusimama mpaka apate ahueni au msaada ufike. Mzee mwenzangu, wewe vijana wanakusikiliza kuliko watakavyonisikiliza mimi. Wafundishe hilo la dumu.

*Mjomba, Jumapili tuna darasa la kuogelea baharini kwa watoto wa mtaa. Jumamosi imenyesha mvua kubwa, na karibu na pale pana kijito kinachoingia baharini, maji yake yamekuwa ya kahawia. Tuahirishe au baharini uchafu hupotea wenyewe? (Mwalimu wa Kujitolea)*

Ahirisheni, mpwa wangu. Mvua kubwa huosha mitaro, vyoo vilivyofurika na mazizi, na vyote hivyo hutokea baharini kupitia kijito kama hicho. Chumvi na jua huua vijidudu, lakini si kwa usiku mmoja. Subirini siku mbili hadi tatu, na maji yakiwa bado ya kahawia subirini zaidi. Mkirudi, darasa liwe mbali na mdomo wa kijito, upande ambao mkondo hautokei kijitoni. Mtaujua kwa kutupa nazi au chupa iliyofungwa na kuitazama inaelekea wapi, chupa mkaiokote.

Jumapili hiyo msiwavunje moyo watoto. Wakutanisheni hukohuko, juu, mbali na maji, muwafundishe kuzisoma bendera, kumpa mtu dumu la kamba, na kukaa kimya wakitafuta mkondo kwa macho. Huwa wanaupata upesi kuliko wazazi wao. Wenye vidonda miguuni wavae viatu, na yule atakayetaka kuchezea dimbwi lililoachwa na kijito mchangani, mtoeni; maji yale ni yaleyale.